Elektroforesisi ya kapilari kwa asidi za mafuta: chati ikiharibika, anzia wapi

Elektroforesisi ya kapilari hutenganisha vitu kwa umeme ndani ya mrija mwembamba (kapilari) uliojaa bafa, yaani mmumunyo unaoshikilia pH. Asidi ndefu ya mafuta huisumbua mashine hii kwa njia mbili. Haikai kwenye maji, kwani kuanzia kaboni 14 kwenda juu hujikusanya, hugeuka misela (vifundo vidogo vya molekuli) au hujibandika kwenye ukuta. Tena haina sehemu ya kunyonya mwanga wa urujuanimno, isipokuwa chini kabisa karibu na nanomita 200. Ndiyo maana wengi hutumia ugunduzi wa kinyume: bafa yenyewe hubeba kinyonyamwanga, na asidi ikipita kwenye dirisha (sehemu ya kapilari inayopitisha mwanga wa kigunduzi) huchukua nafasi ya kinyonyamwanga hicho, mwanga unaofika kwenye kigunduzi huongezeka, na kilele huelekea chini.

Tatizo la kwanza hutatuliwa kwa asetonitraili nyingi ndani ya bafa. Ukifuatilia hitilafu za kipimo hiki utaikuta asetonitraili hiyohiyo nyuma ya nyingi kati yake: inaruka hewani, inatoa mapovu, inavimbisha ganda la kapilari. Ukikwama, anza kuishuku yenyewe.

Mpangilio tunaouzungumzia

Kapilari ya silika, kipenyo cha ndani mikromita 75, urefu wote sm 48.5, kutoka mwanzo hadi dirishani sm 40. Joto nyuzi 25, volteji 27,000 chanya upande wa kuingizia, ugunduzi kwa nanomita 224. Bafa ina (milimola zote hapa ni kwa lita) fosfeti ya sodiamu milimola 15 yenye pH karibu na 7, dodesilibenzini salfoneti ya sodiamu (SDBS) milimola 4 kama kinyonyamwanga, Brij 35 (sabuni isiyo na chaji) milimola 10, oktanoli asilimia 2 na asetonitraili asilimia 45.

Kwa mililita 50: fosfeti ya milimola 100, ml 7.5; SDBS ya milimola 100, ml 2; Brij 35 ya milimola 50, ml 10; kisha ml 1 ya oktanoli iliyokwisha kuchanganywa na ml 22.5 za asetonitraili. Ukimimina oktanoli peke yake kwenye maji itaelea juu na utaikoroga hadi jioni. Asetonitraili na maji vikikutana chupa hupoa, utaisikia mkononi. Usijaze hadi alama ya 50 wakati huo. Iache irudi kwenye joto la chumba, ndipo umalizie na maji, la sivyo bafa ya leo haitafanana na ya jana na hutajua kwa nini. Pima pH kwenye fosfeti kabla ya asetonitraili. Baada ya hapo namba ya elektrodi si pH ya kweli.

Kwa mpangilio huu vitu visivyo na chaji hufika kwanza pamoja na mtiririko wa elektroosmosi, yaani mwendo wa bafa nzima unaosukumwa na umeme kuelekea dirishani. Hufuata asidi ndefu, na fupi huja mwisho, kwa sababu zote huogelea kinyume cha mtiririko na fupi huogelea kwa nguvu zaidi. Kilinganishi cha ndani kinachofaa (asidi ya kiasi kinachojulikana inayoongezwa kwenye sampuli) ni C13:0, yaani asidi ya kaboni 13 isiyo na kifungo cha pacha, ambayo ni nadra kwenye mafuta ya asili.

Mkondo wa umeme unakatika au unarukaruka

Usiguse sampuli. Chati isiyo na mkondo imara haina cha kukuambia kuhusu asidi yoyote.

Kwanza pima kama kapilari iko wazi. Ijaze maji, weka kigunduzi kwenye sifuri, kisha sukuma bafa kwa shinikizo la karibu milibari 950 huku ukitazama mstari. Kwa kapilari ya vipimo vilivyotajwa, ngazi ya unyonyaji inapaswa kupanda baada ya sekunde kama 10. Ikichukua 30, kuna kizibo cha nusu; isipopanda kabisa, imeziba au imevunjika. Jaribio hili halimalizi dakika moja, na linaokoa siku nzima ya kubahatisha. Andika urefu wa ngazi hiyo pia, utauhitaji chini.

Ikiwa iko wazi lakini mkondo hukatika dakika chache baada ya volteji kuwashwa, hilo ni povu. Bafa yenye asetonitraili hutoa hewa inapopata joto ndani ya kapilari. Iweke kwenye bafu la mawimbi ya sauti dakika 5 hadi 10 kifuniko kikiwa kimefungwa, na uipitishe kwenye kichujio cha mikroni 0.45 kinachostahimili kiyeyusho hicho. Pandisha volteji polepole kwa sekunde 20 au 30 badala ya kuipiga ghafla. Povu likiendelea, chora volteji dhidi ya mkondo kuanzia 5,000 kwa hatua za 5,000. Pale mstari unapoacha kunyooka na kuanza kupinda juu, joto limeshinda kipozeo, na volteji yako ya kazi inapaswa kukaa chini ya hapo.

Sababu inayosahaulika kuliko zote ni ganda la nje la kapilari. Poliimidi huvimba ikilowekwa kwenye asetonitraili. Baada ya siku kadhaa ncha ya kuingizia huota ukosi laini wa hudhurungi unaojitokeza mbele ya kioo, na wakati mwingine hufunika tundu. Itazame kwa lenzi. Ncha nzima ina duara safi la kioo. Iliyovimba inaonekana kama kijiti cha kiberiti kilichozimwa. Dawa yake ni kuchoma milimita 2 hadi 3 za ganda kwenye kila ncha, kufuta masizi kwa methanoli, na kuhakikisha kioo kimekatwa wima. Fanya hivyo siku ileile unayofunga kapilari mpya. Kioo kisicho na ganda huvunjika kirahisi, kwa hiyo usizidishe urefu.

Muda wa kufika unahama

Watu wengi hapa hubadilisha kila kitu kwa mpigo. Afadhali uulize swali moja kwanza: kilichobadilika ni ukuta wa kapilari au ni bafa? Hesabu ndogo inajibu.

Uhamaji unaoonekana ni urefu hadi dirishani mara urefu wote, gawanya kwa volteji mara muda. Chukua alama ya mtiririko, yaani ule mtikisiko mdogo wa mstari unaoletwa na methanoli ya sampuli. Tuseme imefika sekunde 240: 40 × 48.5 ÷ (27,000 × 240) inatoa 2.99 × 10⁻⁴ cm² kwa volti kwa sekunde. Palmitiki ikifika sekunde 420, uhamaji wake unaoonekana ni 1.71 × 10⁻⁴. Tofauti ya hizo mbili, 1.28 × 10⁻⁴, ndiyo mwendo wa palmitiki yenyewe kwenda kinyume.

Sasa ukuta ukichafuka na alama ya mtiririko ikasogea hadi sekunde 300, palmitiki haisogei kwa sekunde 60 tu. Mwendo wake wenyewe haujabadilika, kwa hiyo inabaki na 1.11 × 10⁻⁴ na kufika karibu sekunde 646. Asidi fupi zaidi zinaweza zisifike kabisa kabla hujazima mashine. Chati ya namna hii humfanya mtu adhani asidi zimepotea, kumbe ziko njiani.

Kwa hiyo: mtiririko umepungua lakini tofauti imebaki ileile, kosa ni la ukuta. Safisha kwa methanoli dakika 5 kwanza ili kuondoa mafuta, maji dakika 2, hidroksidi ya sodiamu ya mola 1 dakika 10, maji dakika 5, bafa dakika 10. Anza na kiyeyusho, kwa sababu hidroksidi ikikutana na tabaka la mafuta inatengeneza sabuni palepale ukutani na kuiacha hapo. Kapilari mpya hupewa hidroksidi dakika 30, maji dakika 20, bafa dakika 20. Kati ya sampuli na sampuli, bafa ya dakika 3 au 4 inatosha. Kuosha kwa hidroksidi kila mara huufanya ukuta usitulie.

Tofauti ikiwa ndiyo iliyobadilika, kosa ni la bafa, na kwa kawaida asetonitraili imeruka. Dalili ya pili ni mkondo kupanda kidogo kidogo kutoka sampuli hadi sampuli, kwa sababu ujazo unapungua na chumvi inabaki. Funika vichupa kwa vifuniko vyenye tundu dogo, vijaze hadi usawa mmoja pande zote mbili ili kimiminika kisijivute chenyewe kutoka kwenye kiwango cha juu kwenda cha chini, na ubadilishe jozi kila baada ya sampuli 5 au 6. Kubadilisha mapema kunasaidia pia kwa jambo jingine: umeme hugawanya maji kwenye elektrodi, na pH ya vichupa viwili huachana polepole.

Palmitiki na oleiki zimegongana

Kifungo kimoja cha pacha huifanya asidi ijibebe kana kwamba mnyororo wake umepunguzwa kaboni kadhaa, hivyo oleiki (C18:1) huangukia jirani kabisa na palmitiki (C16:0). Kinachozitenganisha ni Brij 35 pamoja na uwiano wa asetonitraili. Brij huzishika asidi kwa kadiri zinavyopenda mafuta, asetonitraili hulegeza mshiko huo. Asetonitraili ikizidi, Brij haina kazi tena. Ikipungua, asidi ndefu huanza kutoyeyuka na vilele hutanuka. Tengeneza bafa tatu za asilimia 40, 45 na 50 ukipitisha mchanganyiko uleule wa viwango (asidi zinazojulikana za kulinganishia), na uchague kwa macho. Usibadilishe Brij na asetonitraili kwa wakati mmoja.

Bafa ikiwa ileile na jozi iliyokuwa mbali imeanza kusogeleana, angalia chupa ya Brij. Jamii hii ya sabuni huoza kwa hewa na mwanga na kutengeneza peroksidi, na mbali na kubadilisha utengano, peroksidi hizo hula linoleniki ya sampuli. Hifadhi mmumunyo wake gizani, kwenye baridi, na usiuweke miezi. Chupa mpya ya SDBS nayo huleta mabadiliko bila kosa la mtu, kwani inayouzwa mara nyingi ni mchanganyiko wa minyororo ya urefu tofauti. Ukifungua chupa nyingine, pitisha viwango upya.

Vilele vimepinda kama pembetatu

Pembetatu yenye upande mmoja wima ni ishara kwamba asidi na kinyonyamwanga haviendi kwa kasi moja, na sampuli ni nzito kiasi cha kuionyesha tofauti hiyo. SDBS ina mwendo ulio karibu na asidi ndefu, ndiyo maana imechaguliwa. C8:0 na C10:0 zitapinda tu, na ukizihitaji hasa, tafuta kinyonyamwanga chepesi zaidi. Kwa asidi ndefu, upindaji karibu kila mara ni kuzidisha sampuli.

Piga hesabu ya unachoingiza. Milibari 50 kwa sekunde 5 kwenye kapilari hii huingiza takriban nanolita 45, kipande cha karibu milimita 10, au asilimia 2 ya kapilari nzima. Hicho ni kingi mno. Milibari 12.5 kwa sekunde hizohizo 5 hutoa nanolita 11, kipande cha milimita 2.5, na vilele hurudi kwenye umbo. Anayenakili namba za kuingizia kutoka kwenye kapilari ya mikromita 50 ndiye huangukia hapa zaidi, kwa sababu ujazo hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne: ya 75 huingiza mara tano ya ya 50.

Vilele vyote vikiwa vipana badala ya kupinda, angalia hidroksidi iliyobaki kwenye sampuli. Tuichukue sampuli tangu mwanzo: mafuta miligramu 50, ml 2 za hidroksidi ya sodiamu ya mola 0.5 ndani ya methanoli, bomba la kioo lililofungwa, nyuzi 75 hadi 80, dakika 25 hadi 30. Asidi zinazotoka ni kama milimola 0.17, hidroksidi uliyoweka ni milimola 1, kwa hiyo nyingi inabaki. Ukizimua mara 10, hidroksidi iliyobaki inazidi milimola 40 kwa lita. Sampuli inakuwa na chumvi nyingi kuliko bafa, na badala ya kubanwa, asidi hutawanyika. Zimua mara 50 kwa methanoli, ishuke hadi milimola 8 kwa lita hivi, na asidi zote kwa jumla zibaki karibu milimola 1.7 kwa lita. Hidroksidi ya zamani iliyonyonya hewa huongeza kaboneti, bonde pana lisilo na jina kwenye chati.

Jumla ya asidi ni ndogo kuliko inavyopaswa

Mafuta yamevunjika, tabaka halionekani tena kwenye bomba, lakini hesabu haifiki. Methanoli ikiwa kavu sana, hidroksidi hubadilisha trigliseridi (mafuta yenyewe kabla ya kuvunjwa) kuwa esta za methili kabla ya kuzigeuza sabuni. Esta hazina chaji. Hupita pamoja na mtiririko na hazionekani. Ongeza maji asilimia 5 hadi 10 kwenye methanoli na urefushe muda. Pitisha sampuli ya dakika 15, 30 na 60. Eneo la oleiki likiendelea kupanda baada ya 30, mmenyuko ulikuwa haujaisha.

C13:0 iliyowekwa kama asidi huru haitakugundulia kosa hili, maana yenyewe haihitaji kuvunjwa. Inasahihisha ujazo na uingizaji tu. Ukitaka kilinganishi kinachoshuhudia uvunjaji pia, tumia trigliseridi ya C13:0 na uiweke kabla ya hidroksidi.

Usisahau kugawanya eneo la kila kilele kwa muda wake wa kufika. Kinachokuja polepole hukaa muda mrefu dirishani na huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Programu nyingi zina chaguo hilo, ila huja likiwa limezimwa.

Steariki peke yake imepungua

Nyingine ziko sawa, C18:0 imeshuka, na kila sampuli ikisubiri zaidi kwenye sahani ya vichupa vya mashine inashuka zaidi. Sabuni ya steariki huganda kwenye methanoli inapopoa. Inua kichupa kwenye mwanga: utaona wingu, au utelezi mwembamba chini. Pasha nyuzi 40 hadi 50, tikisa, ingiza haraka, na usiiache sahani kwenye ubaridi. Ikipashwa na wingu likabaki, shuku kalsiamu. Sabuni za kalsiamu haziyeyuki, na kalsiamu hutoka kwenye maji yasiyosafishwa vya kutosha au vyombo vilivyosuuzwa kwa maji ya bomba. Suuza vyombo kwa asidi nyepesi kisha maji safi ya mwisho.

Sampuli tupu ina palmitiki na steariki

Hiyo si mabaki ya sampuli iliyopita mpaka uthibitishe. Asidi hizi mbili ziko kwenye vidole, glovu, sabuni ya vyombo na plastiki nyingi zinazolainishwa kwa stearati. Pitisha methanoli moja kwa moja kutoka chupa ya kioo, halafu methanoli ileile iliyopitishwa kwenye ncha ya pipeti, halafu iliyokaa saa moja kwenye kichupa cha plastiki. Hatua ambayo vilele vinatokea ndiyo yenye lawama. Ikitoka hata kwenye chupa ya kioo, ndipo uoshe kapilari.

Kilele kinaelekea juu

Kwa ugunduzi wa kinyume, kinachoelekea juu kinanyonya mwanga kuliko bafa. Mafuta yenye linoleiki au linoleniki nyingi yakioksidika, vifungo vyao vya pacha husogea na kuwa jirani, na vitu hivyo hunyonya sana karibu na nanomita 234. Geuza kigunduzi hadi 234 na upitishe tena: kilele hicho kikikua, sampuli imechina. Kausha kwa naitrojeni, funga, weka gizani. Vilele vya juu vinavyokuja muda uleule hata kwenye sampuli tupu ni vya bafa yenyewe. Viandike mahali vilipo na usivihesabu.

Mstari unatetemeka

Rudi kwenye ile ngazi uliyoiandika. Ikiwa imebaki ileile na mtetemeko umeongezeka, taa ya dyuteri imechoka au dirisha ni chafu. Lifute kwa methanoli na karatasi isiyoacha nyuzi. Mtetemeko ukiwa mkubwa tangu siku ya kwanza, ongeza SDBS maradufu kwa majaribio. Ngazi isipoongezeka maradufu, kigunduzi kimeshaishiwa mwanga, na kila asidi unayopima inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Hapo punguza SDBS, au chukua kapilari nyembamba zaidi ukijua unaongeza muda wa kuingizia ili kufidia.